Kumchora Mwanamke kwa Jina Lake: Kazi za Lubaina Himid katika Somo la Sanaa

1. Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi somo la kuchora limegeuzwa kuwa kipindi cha kupumzika. Mwalimu huandika ubaoni "Chora kitu chochote unachokipenda", kisha hukaa mezani akasahihisha madaftari ya hesabu. Wanafunzi nao huchora yale waliyokwisha kuyazoea: nyumba yenye mlango katikati, bendera, gari, mpira, na ua ndani ya chungu. Mtu akichorwa, aghalabu huwa mwanamume. Akichorwa mwanamke, husimama wima kama mlingoti, hana kazi mikononi, na uso wake umeachwa mweupe kama karatasi.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu, pamoja na mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, kuirekebisha hali hiyo. Kwanza tutazitazama kazi za Lubaina Himid, mchoraji mzaliwa wa Zanzibar, ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini amewachora watu weusi, na hasa wanawake, kwa rangi nyingi na kwa heshima kubwa. Kisha tutaonyesha jinsi njia zake ziwezavyo kutumika katika vipindi vinne vya Darasa la Sita, tukichukua mfano wa Rwamgasa, katika Mkoa wa Geita.

Hoja yetu ni moja. Kumtukuza mwanamke katika picha si kumpamba. Ni kumtoa pembezoni na kumweka katikati, akiwa na jina lake, kazi yake na rangi yake.

2. Mwanafunzi wa Rwamgasa amwona nani?

Rwamgasa ni mahali pa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Watu wamefika hapo kutoka pande nyingi: wako wenyeji wa Usukuma na Usumbwa, na wako waliotoka mbali zaidi kufuata mwamba. Mtu akitaja uchimbaji, wasikiao huona mara moja akilini mwanamume anayeshuka katika duara kwa kamba, tochi kichwani. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Jiwe likishapandishwa juu, kazi haijakwisha. Kuna kuponda mawe, kuchekecha, kuteka maji, na kuosha mchanga. Na katika kazi hizo wanawake ni wengi. Wako pia mama lishe wanaoamka alfajiri ili wachimbaji wapate chai na chapati, na wako wanaolima mihogo, mahindi na viazi vitamu ambavyo bila hivyo hapana awezaye kushika sululu.

Mwanafunzi huwaona wanawake hawa kila siku. Hata hivyo, wanachuo walipowaambia wanafunzi wachore mada ya "Kazi za kijiji chetu", karatasi zilijaa maduara, mitambo ya karasha, pikipiki na wanaume. Mwanamke alitokea mara chache, tena pembeni, mdogo kuliko pikipiki. Hili si kosa la macho ya mtoto. Mtoto huchora kile alichofundishwa kwamba kinastahili kuchorwa. Vitabu, mabango na mifano ya ubaoni imemwambia kwa muda mrefu nani ni mtu wa picha na nani si mtu wa picha.

Jambo hili lina uzito kupita somo la sanaa. Msichana asiyemwona mwanamke wa mahali pake akitajwa darasani popote huweza kujiuliza kama shule ina habari naye. Mvulana anayezoea kumwona mama yake pembeni mwa karatasi hujifunza kumweka huko huko katika maisha. Mwalimu wa sanaa hana uwezo wa kubadili kila kitu, lakini karatasi iko mikononi mwake.

3. Lubaina Himid ni nani?

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi minne tu. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa michoro ya vitambaa, akarudi naye Uingereza, na huko ndiko alikokulia. Kwa hiyo alilelewa katika nyumba iliyojaa nguo na michoro ya nguo, nchi aliyozaliwa ikiwa ni habari ya kusimuliwa.

Alisomea usanifu wa jukwaa la maigizo katika chuo cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu picha zake nyingi zimesimama kama watu walio jukwaani, na mtazamaji huweza kupita katikati yao. Baadaye alisomea historia ya utamaduni katika Royal College of Art, London, akahitimu mwaka 1984.

Katika miaka ile wasanii wanawake weusi hawakupewa nafasi katika majumba makubwa ya maonyesho ya Uingereza. Himid hakungoja kualikwa. Aliandaa maonyesho mwenyewe na kuwaita wenzake: mwaka 1983 katika Africa Centre ya London, na mwaka 1985 katika Institute of Contemporary Arts ya mji huo huo, ambako walionyesha wasanii wanawake kumi na mmoja. Nafasi waliyopewa katika jumba hilo la pili ilikuwa sehemu ya kupitia watu, si ukumbi mkuu. Mwalimu aikumbuke habari hii. Tutairudia tutakapozungumzia mahali pa kutundika kazi za wanafunzi.

Himid alikuwa pia mwalimu. Kwa miaka mingi alifundisha katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire, mjini Preston, akawa profesa. Heshima kubwa ilimfikia akiwa amekwisha kufanya kazi kwa muda mrefu: mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, iliyo mashuhuri kuliko nyingine za sanaa nchini Uingereza. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na kwa umri wake wa miaka 63 alikuwa pia mshindi mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Sharti la zamani lililowazuia wasanii waliofikia miaka 50 lilikuwa limeondolewa mwaka huo huo. Baadaye alichaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2026.

4. Kazi tatu zinazofaa darasani

(a) Freedom and Change, yaani "Uhuru na Mabadiliko" (1984). Picha hii imefanywa juu ya kitambaa kikubwa, pamoja na vipande vya mbao vilivyokatwa na kupakwa rangi. Wanawake wawili weusi wanakimbia, wamevaa nguo za rangi na michoro mingi. Mbele yao wako mbwa weusi wanaowavuta. Nyuma yao, mchangani, vimebaki vichwa vya wanaume wazungu vilivyozikwa hadi shingoni. Umbo la wanawake hao Himid alilichukua katika picha ya Picasso ya mwaka 1922, ya wanawake wawili wanaokimbia ufukweni. Kwa hiyo hakuanza na karatasi tupu. Alichukua picha iliyokwisha kusifiwa na dunia, akauliza: kwa nini hawa wasiwe wanawake weusi?

(b) Between the Two My Heart is Balanced, yaani "Kati ya Wawili Moyo Wangu Umesawazika" (1991). Hapa wanawake wawili weusi wameketi ndani ya mashua baharini, nguo zao zikiwaka kwa rangi. Katikati yao lipo rundo la karatasi ambazo wengi huzisoma kuwa ni ramani za baharini, nao wanazichana na kuzitupa majini. Picha hii nayo inajibu picha ya zamani. James Tissot, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, alimchora askari ameketi katika mashua kati ya wanawake wawili. Himid amemwondoa askari, akaweka ramani, na akawaachia wanawake uamuzi wa safari.

(c) Naming the Money, yaani "Kuitaja Fedha kwa Jina" (2004). Hii ni kazi ya watu 100 wa mbao, kila mmoja akiwa na kimo cha mtu mzima, waliopakwa rangi kali na kusimamishwa sakafuni. Ni Waafrika, wanaume kwa wanawake, waliofanywa watumwa na kupelekwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, watengenezaji wa ramani, waganga wa mitishamba, walimu wa dansi. Mgongoni mwa kila mmoja kuna maelezo mafupi yanayotaja jina lake halisi, jina alilobandikwa na waliomnunua, kazi aliyoifanya kwao, kazi aliyolazimishwa kuifanya ugenini, na jambo moja ambalo amebaki nalo hata hivyo.

Kazi hizi tatu zina utaratibu mmoja. Himid hutafuta mahali ambapo mtu mweusi ameachwa nje au amewekwa pembeni, naye humleta mbele. Rangi zake kali si pambo la kumfurahisha mtazamaji tu. Humlazimisha atazame mahali ambapo hapo kwanza hakutazama.

5. Kanga: sanaa ambayo mwanafunzi amekwisha kuivaa

Mwalimu anaweza kudhani kwamba habari hizi za Uingereza ziko mbali mno na mtoto wa Geita. Daraja lipo, nalo ni kanga.

Kanga ilianza katika pwani yetu, Zanzibar na Mombasa, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake waliposhona pamoja leso za mraba kufanya nguo moja. Tangu hapo ina sehemu tatu ambazo kila mama anazijua: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Mjini Mombasa jumba la biashara la Kaderdina lilikuwa miongoni mwa yaliyoieneza kwa wingi. Kanga ikasafiri na reli na barabara hadi bara, hata leo hapana nyumba ya Usukuma ambayo mtoto hakubebwa kwa kanga au kitenge.

Himid ameichukua kanga kama njia ya kuchora. Katika miaka ya 2010 alifanya kazi kadhaa zenye umbo la kanga: pindo, mchoro wa katikati na maneno. Mwaka 2018, katika jumba la BALTIC mjini Gateshead, alionyesha vitambaa vilivyochorwa kwa mfano wa kanga, vimetundikwa juu kama bendera. Kwake kanga ni nguo inayosema. Mvaaji huweza kumjibu jirani, kumsifu mama yake au kujitangaza bila kufungua kinywa.

Hapa ndipo mtoto wa Rwamgasa anapomtangulia mtazamaji wa London. Mtazamaji huyo huhitaji kuelezwa kanga ni nini. Mtoto wetu anajua kwamba nguo ina jina, na kwamba jina hilo huchaguliwa kwa makusudi. Kanuni ya ualimu ya kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana inatimia hapa bila kulazimishwa.

6. Vifaa na rangi

Ukosefu wa vifaa ni sababu inayotolewa mara nyingi ya kutofundisha sanaa. Himid mwenyewe amechora juu ya kitambaa cha kawaida, mbao, na hata vyombo vya mezani vilivyotumika: mwaka 2007 alipaka picha juu ya vyombo vikuukuu 100 kuikumbusha Lancaster, bandari ya Uingereza, biashara yake ya utumwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alianza kwa mbao za dari na rangi za mafuta za dukani. Msanii hutumia kilichopo.

Kwa vipindi hivi vinahitajika: maboksi ya bidhaa yaliyofunguliwa, makaa ya kuchorea, udongo mwekundu na wa njano, makaa yaliyosagwa kwa rangi nyeusi, jivu jeupe lililochekechwa au chokaa kwa rangi nyeupe, manjano ya jikoni kwa njano kali, na bluu ya kufulia. Kiungo cha kushikamanisha rangi ni uji mwepesi wa unga wa muhogo, au gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha. Brashi hufanywa kwa kijiti kilichopondwa ncha hadi nyuzi zitokee. Wanafunzi wasionje rangi wala wasiiguse chokaa kwa mikono yenye majimaji, nao wanawe baada ya kipindi.

Onyo. Udongo wa rangi usichukuliwe hata kidogo kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, karibu na karasha, wala katika mchanga uliokwisha kuoshwa. Zebaki hutumika kunasa dhahabu, na mabaki yake hukaa katika udongo na matope. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rwamgasa ilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki katika uchimbaji mdogo, na mwaka 2013 Mkataba wa Minamata ulipitishwa kimataifa kwa ajili ya hatari hiyo. Mvuke wa zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huumia upesi kuliko mtu mzima. Vumbi laini la mawe yaliyosagwa nalo huharibu mapafu. Mwalimu achimbe udongo mwenyewe, mbali na machimbo, kwenye kichuguu au kingo za shamba la juu.

Onyo hili ni sehemu ya funzo. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini udongo wa mwaloni haufai amekwisha kuanza kuuliza habari za mikono ya mama anayeushika kila siku.

7. Mpango wa vipindi vinne (Darasa la Sita, dakika 40 kila kimoja)

Madhumuni: mwisho wa vipindi hivi mwanafunzi aweze (i) kueleza nani amewekwa katikati ya picha na nani pembeni, (ii) kuchanganya rangi za ngozi zisizopungua tatu, (iii) kutengeneza umbo la mwanamke anayemfahamu, akiwa na kazi, jina na kanga yake.

Kipindi cha kwanza: Kusoma picha. Mwalimu aonyeshe nakala ya Freedom and Change, au, akiikosa, achore ubaoni mpangilio wake tu: wanawake, mbwa mbele, vichwa nyuma. Asianze kwa kueleza. Aulize: Mnaona nani? Nani ni mkubwa kuliko wote? Nani yuko mbele, nani nyuma? Nguo zao zinasema nini? Wanakwenda wapi? Majibu yote yaandikwe ubaoni. Kisha wanafunzi wachukue michoro yao ya zamani ya "Kazi za kijiji chetu" na kuitazama kwa maswali yale yale. Waachwe wagundue wenyewe kilichokosekana. Mwalimu akiwatangulia kusema, ugunduzi wote huharibika.

Kazi ya nyumbani: Mambo matano. Kila mwanafunzi amchague mwanamke mmoja wa nyumbani au jirani. Baada ya kumwamkia na kumwomba ruhusa, amwulize mambo matano, kwa mfano wa Naming the Money: jina lake la kuzaliwa, jina analoitwa na watu, kazi aliyoifanya zamani, kazi anayoifanya sasa, na kitu anachokithamini ambacho hapana awezaye kumnyang'anya. Mahojiano yafanyike nyumbani, wakati wa kupumzika. Mwanafunzi asitumwe mwaloni wala machimboni kwa sababu yoyote.

Kipindi cha pili: Rangi ya ngozi. Baadhi ya visanduku vya penseli za rangi vimekuwa na penseli ya waridi hafifu iliyoitwa "rangi ya mwili". Mwalimu aulize: ni mwili wa nani? Kisha wanafunzi wanyooshe mikono mezani, kiganja chini, walinganishe. Watakuta kwamba hakuna mikono miwili inayofanana. Waanze na nyekundu na njano, waongeze bluu kidogo kidogo hadi kahawia itokee. Wakitaka ngozi yenye weusi wa kina, waongeze bluu na nyekundu. Makaa matupu huifanya ngozi ionekane kama kivuli. Penye mwanga, njano kidogo. Penye kivuli, bluu. Kila mmoja apake mabaka matatu na kuyapa majina aliyoyabuni mwenyewe: kahawa, kichuguu, usiku wa masika. Kwa njia hii mtoto anajua kwa mikono yake kwamba weusi ni rangi nyingi.

Kipindi cha tatu: Umbo. Kila mwanafunzi achore kwa makaa, juu ya kadibodi, mwanamke aliyemhoji akiwa katika kazi yake. Sharti ni moja: umbo lijaze kadibodi kutoka juu hadi chini. Mwalimu akate pembeni kwa kisu, kisha rangi ipakwe. Mikono ichorwe kwa uangalifu kuliko uso, kwa kuwa mikono ndiyo inayoonyesha kazi: inashika nyundo, ungo, ndoo, mwiko, jembe au mtoto.

Kipindi cha nne: Kanga na jina. Kila umbo livishwe kanga yenye pindo, mji na jina. Jina la kanga litungwe na mwanafunzi kutokana na jibu la tano la mahojiano, na lisizidi maneno matano. Katika darasa moja msichana aliandika "Vumbi halifichi jina". Mgongoni mwa umbo yaandikwe yale mambo matano, kwa kiasi alichokubali mhojiwa. Mwisho, maumbo yasimamishwe.

Yasimamishwe wapi? Si nyuma ya darasa wala kwenye korido. Yasimame mbele, chini ya ubao, kwa siku kadhaa, ili kila mwalimu wa kila somo aingie na kuwakuta wanawake hao wakimtazama. Tumekwisha kuona maana ya kazi ya mtu kutundikwa mahali pa kupitia.

8. Matatizo yatakayojitokeza

Kicheko. Baadhi ya wavulana watacheka wakitakiwa kumchora mwanamke. Mwalimu asiwakemee haraka. Awaombe wachore mikono tu ya mtu aliyewapikia jana. Kicheko hutulia mkono unapoanza kutazama.

Jina la Mama Fulani. Wanafunzi wengine watagundua kwamba hawakulijua jina la kuzaliwa la mtu wanayemwamkia kila siku, kwa maana huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Jina la mtumwa lililobandikwa na mnunuzi lilikuwa wizi. Jina la "Mama Fulani" ni heshima katika desturi zetu. Yasifananishwe. Hata hivyo heshima moja haifuti nyingine: mwanamke aweza kuwa mama wa mtu na bado akawa na jina alilopewa na wazazi wake. Ndiyo maana tunauliza yote mawili.

Ukweli wa rangi. Mvulana mmoja aliuliza swali ambalo kila mwalimu ajiandae kulijibu: mama haendi kuponda mawe kwa kanga mpya, je, tukimchora kwa rangi kali, hatusemi uongo? Swali hili ni la kweli na halipaswi kukwepwa. Likijadiliwa vizuri, darasa litafikia njia mbili. Ya kwanza ni kuchora kanga iliyopauka, kwa kuwa kanga iliyopauka nayo ina rangi zake, na rangi hizo husimulia jua na kazi. Ya pili ni kuchora rangi ambazo mhusika mwenyewe angezichagua siku ya furaha yake. Zote mbili ni kweli. Uongo ni njia ya tatu: kuchora rangi nzuri ili vumbi, uchovu na hatari visionekane. Picha inayomfanya mtazamaji aione kazi ya mama kuwa nyepesi haijamtukuza, imemnyamazisha.

Dini na desturi. Baadhi ya familia hazipendi nyuso za watu zichorwe. Mwanafunzi wa familia hiyo achore kanga peke yake, pamoja na chombo cha kazi. Kanga yenye jina yatosha kumwakilisha mwenyewe.

9. Tathmini

Asitahiniwe mwanafunzi kwa uzuri wa mchoro tu. Mwalimu atazame: je, umbo limejaza nafasi? Je, kazi inatambulikana kwa mikono? Je, rangi ya ngozi imechanganywa au imechukuliwa kama ilivyo? Je, jina la kanga linatokana na maneno ya mhojiwa? Kisha mwanafunzi asimame karibu na umbo lake na kulieleza kwa sentensi tano. Hapo mwalimu wa Kiswahili naye atapata mazoezi ya kuzungumza na kuandika, na mwalimu wa sayansi atapata mlango wa kufundisha habari za zebaki na vumbi. Darasa likirudia baada ya muda mada ile ile ya "Kazi za kijiji chetu", michoro mipya ilinganishwe na ile ya kwanza. Hicho ndicho kipimo kilicho bora, kwa sababu mwanafunzi hatakuwa ameambiwa amchore nani.

10. Hitimisho

Lubaina Himid alitolewa Zanzibar akiwa mchanga, akakuta picha za Ulaya zimejaa watu wasiofanana naye, naye akawachora waliokosekana. Mwanafunzi wa Rwamgasa hana haja ya kuvuka bahari ili aone waliokosekana. Wako njiani anapokwenda shule, na mmoja wao ndiye aliyemfulia sare. Kazi ya mwalimu ni kumpa mtoto kadibodi, udongo safi, na maswali matano.

Maswali ya kujadiliwa vyuoni

1. Chunguza picha zote za watu katika kitabu kimoja cha kiada cha shule ya msingi. Hesabu wanaume na wanawake, na ueleze kila mmoja anafanya kazi gani.

2. Andaa somo la kipindi kimoja kwa mahali ambapo kazi kuu ni uvuvi au kilimo cha pamba, ukitumia mambo matano yaliyotajwa katika sehemu ya 7.

3. "Rangi nzuri huweza kuficha kazi ngumu." Jadili usemi huu kwa kutumia mifano ya picha mnazoziona sokoni na ofisini.

4. Mhojiwa amekubali kuchorwa, lakini hataki jina lake liandikwe. Mwalimu na mwanafunzi wafanye nini ili heshima yake ibaki ndani ya picha?